Mwaka wa Kumsomea Mzee wa Chuma

"Wewe umesoma. Niambie basi: chuma kikimeza mtu, kinabaki chuma?"

Niliulizwa swali hilo jikoni, katika nyumba moja ya Milimani, Nakuru, na mwanamke aliyekuwa akimenya viazi bila kuvitazama. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na nilikuwa na jibu la kila kitu. Nilimwambia kwamba damu ya binadamu ina chuma ndani yake hata kabla hajaguswa na moto, kwa hiyo ukifikiria vizuri hakuna kinachoongezeka. Kwamba katika joto la tanuri mwili hauachi kitu, ni mvuke tu, na majivu kidogo yanayoelea juu pamoja na mavi ya chuma, yale makapi ya tanuri. Hapo kisu chake kikasimama. Hakukasirika. Alingoja nimalize, kwa adabu, kama unavyomngoja mgeni amalize kula, na alipoona sina la kumalizia akaendelea kumenya. "Sawa," alisema. "Siku ukijua utaniambia."

Aliitwa Mama Wanja. Tumemzika mwezi uliopita huko kwake Molo, asubuhi yenye ukungu mzito hivi kwamba watu waliosimama ng'ambo ya kaburi walionekana kama makoti yaliyotundikwa. Tangu nirudi kutoka mazishini sijaweza kufanya kazi nyingine. Nimekaa na mwaka ule kama mtu anavyokaa na mgonjwa. Mambo ya kwetu Rongai nitayaacha. Ni mahindi, karo na ndugu wengi, kama kwa watu wengine. Ninachotaka ni nyumba ile ya Milimani na watu watatu waliokuwa wakizungukana ndani yake bila kugusana: Mzee Kimotho, aliyekuwa kipofu, Rehema, aliyempikia, na Mama Wanja, aliyekuja kuuliza neno moja na kurudi kwake.

Kazi niliipata kwa kukimbia nyingine. Nilikuwa nimetoka Karagita, ambako nilidumu miezi michache katika ofisi ya shamba la maua hadi msimamizi aliponiambia kwamba maswali yangu yanachelewesha watu. Nikarudi Nakuru na begi moja. Rafiki yangu akaniambia kuna mzee anatafuta mtu wa kumsomea kitabu. "Kitabu gani?" nikamuuliza. "Sijui, cha Mzungu wa vyuma. Lakini kuna lanchi." Nikaenda kwa ajili ya lanchi. Nilimkuta verandani, amevaa tai na koti, uso ameuelekeza mlima wa Menengai kana kwamba anauona. Aliwahi kuwa mkurugenzi wa kiwanda kidogo cha kusubu chuma upande wa reli, mahali palipoyeyusha chuma chakavu na kukimimina kwenye kalibu za mchanga kikatoka sahani za mashine za posho, sehemu za plau, vifuniko vya mitaro. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na macho yake yalikuwa yameliwa na presha. Alinyoosha mkono hewani, nikaupokea. Alikishika kiganja changu kwa muda, akakigeuza. "Hujawahi kufanya kazi," alisema. "Ni sawa. Kazi yenyewe ni ya mdomo."

Kitabu hakikuwa na jalada. Kiliingia kiwandani zamani ndani ya lori la chuma chakavu kutoka shamba moja la walowezi kule juu, kimebanwa kati ya jembe la ng'ombe na jiko la kuni lililopasuka. Kimotho alikuwa karani wa mzani wakati huo, kijana mwenye kalamu sikioni, kazi yake kupima lori likiingia na kulipima tena likitoka. Akakiokota, akakisoma kwa msaada wa kamusi, na kwa namna fulani hakukiweka chini tena. Kilikuwa maisha ya Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, rais wa kampuni ya chuma katika milima ya Pennsylvania, na kilikuwa kimeandikwa na mwanawe. Mmarekani huyo alikuwa mtoto wa mhunzi. Alianza kazi akiwa karani wa mzani. Hapo ndipo Kimotho aliponaswa, nadhani, katika ukurasa ule wa kwanza: mahali mbali kabisa na Nakuru, Mzungu amesimama kando ya mzani, ana kalamu sikioni.

Nilisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kusema kwa Kiswahili kwa sauti, maana ndivyo alivyotaka. Alisema Kiingereza chake alikuwa amekichosha kwenye mikutano. Kwa hiyo mwaka ule nilimtia Mmarekani yule mdomoni mwangu, maneno yake yote. Nilimsimulia alivyojifunza kutambua chuma kwa kukivunja na kutazama rangi ya jeraha lake. Alivyoona misitu ikiisha kwa ajili ya mkaa wa tanuri na kuwashawishi wakubwa wake wahamie makaa ya mawe. Alivyosubu reli wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, akawa tajiri bunduki za pande zote mbili zikiwa bado moto. Alijenga nyumba kilimani ili aone bomba la tanuri kutoka chumbani kwake. Alijengea wafanyakazi wake kanisa na maktaba, na wakati uo huo akawapunguzia mishahara, na mwanawe aliyaandika mambo hayo mawili katika aya moja bila aibu yoyote. Wafanyakazi walipogoma aliwafungia milango, akakaa ndani peke yake akilisha tanuri kwa mikono yake, kwa sababu tanuri likipoa, chuma huganda ndani na linakufa. "Tanuri halisubiri mtu," ndilo lililokuwa neno lake. Kimotho aliliandika ukutani ofisini kwake alipopandishwa kuwa meneja, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Tuligombana sana. Sikuweza kusoma ukurasa bila kuuhoji. "Mzee, haya ameandika nani?" "Mtoto wake." "Sasa mtoto atasema baba alikuwa mbaya?" "Kwani wewe wa kwenu ungesema nini?" "Mimi ningeandika ukweli." Alicheka kwa pua. "Cherono, wewe ungeandika maswali, kitabu chako kingekuwa na alama za kuuliza peke yake, hata bei ingeandikwa hivyo." Siku nyingine nilimuuliza kwa nini mtu aliyezaliwa chini ya mkoloni achukue Mzungu wa aina hii awe mwalimu wake. Alipapasa tai yake. "Mabosi wangu wa kwanza walinifundisha kupima," alisema. "Hakuna aliyenifundisha kuamua. Huyu alinifundisha kuamua." Nilidhani nimemshinda. Leo naona alikuwa amenipa ufunguo, nami nikaupokea kama chenji.

Nyumba yenyewe ilikuwa na baridi ya sakafu ya simenti nyekundu, na harufu ya nta na iliki. Iliki ilikuwa ya Rehema. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani akabaki mtaa wa Bondeni, na ingawa Rehema alizaliwa Nakuru na hajui bahari, alipika kana kwamba bahari iko nyuma ya nyumba. Ijumaa pilau, Jumapili mahamri, siku nyingine ugali na sukuma, na kila saa chai. Alimheshimu Mzee na kumcheka kwa kipimo kilekile. "Huyo Mzungu wako alikufa zamani," alinong'ona akinipa kikombe, "na mpaka leo anatafutia watu kazi." Alikuwa na desturi ya kuvifagia vyumba vyote kila asubuhi, kuanzia nyuma kuja mbele, akiimba kwa pua. Lakini chumbani kwa Mzee alifagia akazunguka kitanda, akatoka. Siku moja nilimwona akiliacha vumbi refu kabisa ukingoni mwa shuka. "Anti Rehema, umesahau hapo chini." Akanivuta mkono mpaka jikoni. "Chini ya kitanda cha Mzee hapafagiliwi, mwanangu. Nilivyoingia kazi hii niliambiwa hivyo na nimeshika hivyo." "Kwa nini?" "Unaona? Ndiyo maana mimi nina kazi na wewe ulifukuzwa Karagita."

Mchana baada ya kula Mzee alijilaza. Nilikuwa nikikaa sebuleni kutayarisha kurasa za jioni, na mlango wake haukufungwa vizuri. Nilimsikia akiongea. Mara ya kwanza nilidhani ananiita. "Umelala?" alisema, kwa sauti ya chini, ya mtu na jirani yake. Kimya. "Leo kuna upepo. Baridi imekufikia huko?" Kimya tena, kisha kicheko kidogo cha huzuni, kama mtu aliyejibiwa. Niliamini anaongea na Mmarekani wake. Nilifurahi hata, nilikuwa na nadharia nzima kuhusu mtu anayefuga mzimu wa tajiri wa kigeni, na niliiandika kichwani kwa maneno makubwa. Haikunijia kujiuliza kwa nini, akiongea na mtu aliyempenda kiasi hicho, alikuwa ameelekeza mdomo wake chini, upande wa sakafu.

Mama Wanja alikuja kila mwisho wa mwezi kwa lori la viazi. Dereva alimshusha barabarani na alitembea hadi getini na gunia dogo mgongoni, kamba ikiwa imempita kichwani, skafu ya sufi shingoni hata Nakuru ilipokuwa na jua. Aliingia kwa mlango wa jikoni. Aliketi, akamenya viazi alivyokuja navyo yeye mwenyewe, akavitia kwenye sufuria, akanywa chai. Halafu aliinuka, akaenda hadi mlango wa verandani, akasimama nyuma ya kiti cha Mzee. "Kimotho, umekumbuka ulimweka wapi?" Mzee hakugeuka. "Nilikwambia, mama. Ziwani." "Sawa," alisema, "nitakuja tena." Na alikuwa anakuja. Mara ya kwanza kumwona nilidhani ana matatizo ya akili. Mara ya pili ndipo aliponiuliza lile swali la chuma.

Rehema ndiye aliyenieleza, akiwa amesimama mlangoni ili aone nani anakuja. Mume wa Mama Wanja, Ndirangu, alikuwa fundi wa kalibu kiwandani. Usiku mmoja mvua ilinyesha ikapenya paa, mchanga wa shimo la kumiminia ukalowa. Mafundi walitaka waukaushe kwanza kwa mkaa, kama ilivyo desturi, maana chuma cha moto kikikutana na maji hakichemki, kinalipuka. Lakini tanuri lilikuwa limeiva na Kimotho alitoka ofisini akasema lile neno la ukutani. Ndirangu alikuwa ndani ya shimo akinyoosha ukingo wa kalibu walipoanza kumimina. "Kilichopatikana kikawekwa kwenye sanduku," Rehema alisema. "Kilichobaki kilibaki ndani ya chuma. Kikaganda naye." Sanduku lilipelekwa Molo likiwa limefungwa misumari, na Kimotho alimwapia mjane mbele ya mchungaji kwamba mumewe yumo wote. Lakini waliolibeba walikuwa shemeji zake, na mmoja alishindwa kunyamaza. Lilikuwa jepesi.

"Na kile chuma?" niliuliza. Hapo nilijifunza kitu ambacho hakikuwa katika kitabu. Katika kiwanda kile hakuna chuma kilichotupwa. Kilichomwagika, kilichoharibika, hata matone yaliyoganda sakafuni yalikusanywa asubuhi na kurudishwa kwenye tanuri. Siku ile mafundi waliweka koleo chini. Walisema pande lililoganda na Ndirangu halirudi motoni, maana likirudi litakuwa sahani ya kusagia posho na watu watakula ugali wake. Walitaka lipelekwe Molo. Kimotho akawaambia ameshalitosa ziwani. Wakaamini, na baadhi yao mpaka leo hawali samaki wa ziwa lile. Rehema mwenyewe hali. Aliyekataa kuamini alikuwa Mama Wanja peke yake. "Unajua alisema nini?" Rehema akaniuliza. "Alisema, 'Yule mtu anachambua misumari iliyopinda kwa jalala. Atupe chuma chote hicho majini? Hawezi. Mkono wake utakataa.'"

Mimi nilikuwa upande wa sayansi. Nilimwambia Rehema kwamba kilichokuwa ndani ya lile pande, kama lilikuwapo, si mtu. Akaniuliza kama bibi yangu amezikwa. Nikasema ndiyo. "Basi yule pia si bibi yako, ni mifupa," alisema, "twende tukamfukue tupande kabichi." Nilikasirika zaidi ya nilivyotarajia.

Kitabuni kulikuwa na sura moja ambayo Mzee hakutaka. Kila tulipoikaribia alisema, "Ruka." Alikijua kitabu kwa moyo, alijua ukurasa kwa kusikia nafasi yake. Mara mbili niliruka. Halafu nikaisoma peke yangu, ilikuwa fupi tu. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imeanza, na siku hiyo Mama Wanja alikuwa jikoni, na mlango kati ya jikoni na veranda nilikuwa nimeuacha wazi kwa makusudi. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu, na sikujua ya nani.

"Ruka," Mzee alisema.

"Leo siruki, Mzee."

"Cherono."

"Nikiruka hapa, vile vingine vyote nilivyosoma ni uongo."

Nikasoma. Nilisoma kwamba mfanyakazi mmoja mgeni, aliyetoka nchi za mashariki mwa Ulaya, aliteleza akaanguka ndani ya ndoo kubwa ya chuma kilichoyeyuka, na kwamba wakati huo kampuni ilikuwa inadaiwa reli na kila saa ilikuwa na maana. Nilisoma kwamba Mmarekani aliitwa, akasimama mbele ya ndoo ile kofia mkononi, na mhandisi wake akamwuliza waendelee kumimina au vipi. Yule mtu aliyewafungia wafanyakazi milango, aliyesema tanuri halisubiri, alisema kimwagwe, kiachwe kipoe. Akachimbisha shimo katika ardhi ya kampuni, chini ya miti, na chuma chote kikateremshwa humo kwa minyororo, mchungaji akasoma, na wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda nyumbani kwa siku iliyobaki. Kesho yake waliwasha tena. Mwanawe aliiandika yote kwa nusu ukurasa na akaendelea na habari za bei ya makaa.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mzee alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona. Nilipaswa kuishia hapo, lakini mimi siishii. "Kuna kitu sikielewi," nilisema. "Farasi wa huyu Mmarekani ana jina humu ndani. Mbwa wake ana jina. Huyu aliyekufa hana. Ameitwa mgeni mmoja, basi."

"Wetu aliitwa Ndirangu," sauti ilisema nyuma yetu.

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji ya viazi. Hakuuliza swali lake la kila mwezi. Mzee aligeuza kichwa kuelekea sauti ile, mara ya kwanza kumwona akigeuka kwa ajili yake, na macho yake yaliyokufa yalitafuta juu sana, kana kwamba alimkumbuka akiwa mrefu zaidi. Midomo yake ilijaribu. Nilijua alitaka kusema ziwani. Nililiona lile neno likija mpaka kwenye meno. Kisha akauinua uso na kuita kwa sauti ya zamani, ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mashine:

"Rehema! Fagia chini ya kitanda."

Rehema alitokea na mwiko mkononi. Alitutazama mmoja mmoja. Akauweka mwiko mezani, akachukua fagio kona, akaingia chumbani. Tulisikia fagio likikwaruza simenti, mwendo mmoja, mwendo wa pili. Kisha tukalisikia likigonga kitu kisichosogea.

Sitaki kueleza sana lile pande. Lilikuwa kama jiwe kubwa la mtoni, halina umbo, limeshikana na mchanga uliogeuka kioo upande mmoja. Wanaume wawili wa jirani walilibeba kwa taabu. Lilikuwa limelala chini ya Mzee usiku wa miaka mingi, limefungwa kwa koti la kazi la Ndirangu, na lile koti ndilo Mama Wanja alilolishika kwanza. Aliinusa kola. Halafu alimwendea Mzee, ambaye hakuwa ameondoka kitini, na nilidhani atampiga. "Kwa nini hukuniambia tu?" alimuuliza. Mzee alisema jambo ambalo kwa miaka mingi nililiona la kikatili na sasa silijui. "Ningekwambia yuko hapa, ningekuwa nimesema sandukuni hakuwemo wote. Nilikuwa nimeapa." Akauelekeza uso sakafuni. "Na sikutaka akae peke yake." Mama Wanja alimtazama. "Sasa atakaa na watu wake," alisema. Akarudi jikoni, akaopoa viazi, akatupakulia sote, na Mzee akala kwa sababu alipewa sahani mkononi.

Niliwasindikiza hadi Molo katika pikapu ya jirani, mimi na Mama Wanja tumebanana mbele, pande nyuma chini ya turubai. Njiani alizungumza na dereva kuhusu ugonjwa wa viazi. Binti yake Wanja, msichana wa umri wangu, alitupokea langoni bila kuuliza kitu. Nilitarajia shimo, mchungaji, kitu kama cha kitabuni. Mama Wanja akaniambia, "Asante, kasichana. Hii tutamaliza sisi wa nyumbani." Nikaelewa kwamba siku hiyo sitakiwi, nikarudi na dereva.

Mzee hakuishi sana baada ya hapo. Kitabu tulikimaliza, lakini alikuwa anasikiliza kitu kingine. Katika kurasa za mwisho Mmarekani, akiwa kiziwi kwa kelele za maisha yake yote, aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani ili aone mwanga wa tanuri, na akafa akiutazama. Zamani Mzee alikuwa akiipenda sana sehemu hiyo, Rehema aliniambia. Nilipoisoma akasema tu, "Alikuwa hasikii, mimi sioni. Tungefaa mtu mmoja mzima." Mchana sikumsikia tena akiongea na sakafu. Kulikuwa na ukimya chumbani mle ambao ulinitisha kuliko yale mazungumzo. Aliniita mlangoni karibu kila siku, akauliza neno moja, sasa ni yeye aliyekuwa mwenye neno moja. "Walimzika?" "Walimzika, Mzee." "Chini ya mti?" "Ndiyo, Mzee." Sikuwa nimeuona mti wowote. Niliona kwamba ni jibu dogo lisilomdhuru mtu, na nililiamini sehemu kubwa yake. Siku aliyoshindwa kuinuka aliuliza tena, nikajibu, akafumba macho ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa.

Kwa Mama Wanja nilienda miaka yote iliyofuata. Nilipata kazi, nikaiacha, nikapata nyingine. Kila nilipoharibikiwa nilipanda Molo. Jiko lake lilikuwa nyumba ndogo ya mbao, nyeusi ndani kwa moshi, na mafiga matatu katikati ambayo moto wake hakuuacha ufe. Usiku alifukia kaa kwenye majivu, asubuhi akalipuliza. Nje kulikuwa na barafu juu ya majani ya viazi, ndani tulikaa tukitokwa na jasho. Nilikunywa chai hapo mara nyingi hata siwezi kukadiria, chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Aliniuliza kama nimeolewa, nikamuuliza ndoa ina faida gani, akacheka mpaka akakohoa. Mara moja tu nilisogeza mguu karibu na moto, nikaegemeza soli ya kiatu kwenye figa la upande wa ukutani, na akanipiga goti kwa mwiko. "Kunja miguu, kasichana. Huna adabu." Nikadhani ni mambo ya wazee. Kabla ya kuondoka nilizoea kwenda kusimama kwenye kaburi la Ndirangu nyuma ya nyumba, na nilijisikia nimefanya kitu kimoja kizuri duniani. Mama Wanja aliniona nikienda, akaniacha.

Mwezi uliopita, siku ya mazishi yake, wanawake walikuwa wakipika nje kwa ajili ya umati na mafiga hayakutosha. Mmoja akasema tuchukue ya jikoni kwa mama, moto wake ushazimika. Nikaingia nao. La kwanza lilitoka kwa mikono miwili. La pili vilevile. Nikainama kushika la tatu, lile la ukutani, na halikutikisika hata kidogo. Nikalifuta masizi kwa leso nikiona aibu kwa udhaifu wangu, na chini ya weusi ule, upande mmoja, paling'aa mchanga uliogeuka kioo.

Wanja alikuwa mlangoni. "Hilo haliendi nje, Cherono," alisema kwa upole. "Mama alisema mtu wa moto hawezi kulazwa kwa baridi ya Molo. Usiku ule mlipomleta tulimweka hapo, na hapo amekaa."

Kaburi nililolisimamia miaka yote ile lilikuwa na sanduku jepesi, basi. Ndirangu alikuwa jikoni, na chai yote niliyokunywa Molo ilichemkia juu yake.